Si Kila Ujumbe Unahitaji Jibu

Wasee, leo kamera ikae kando. Nataka tuongee kuhusu tangi la maji.

Mama yangu anauza maji Makueni. Tangi lake ni la lita 10,000, limeinuliwa juu ya mawe, na ili ajue maji yamebaki kiasi gani alikuwa anapanda ngazi asubuhi na jioni. Mwezi wa nne akateleza. Hakuvunjika, lakini goti likavimba. Mjomba akanigeukia mbele ya watu: "Huyu wa kompyuta si afanye kitu?" Huyu wa kompyuta ni mimi, niliyeacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kuisha.

Nikanunua kifaa cha kupima kina cha maji, modemu ndogo ya laini ya simu, betri na paneli ya sola. Modemu kama hii unaongea nayo kwa amri zinazoanza na AT, mtindo ulioletwa na modemu za Hayes mwaka 1981. Unaandika AT, inajibu OK. Unaweka APN ya mtandao wako. Halafu AT+CSQ inakuonyesha nguvu ya mtandao, kuanzia 0 hadi 31. Kwa Mama nilipata 8. Manze, nane!

Kosa langu lilikuwa kuchagua TCP, kwa sababu ndiyo niliyoizoea. TCP ni kama kupiga simu. Kwanza jumbe tatu za kujuana, ndipo useme neno lako, kisha ungoje uambiwe limefika. Kwa mtandao wa nane, modemu ilikuwa inapiga, inakatika, inapiga tena. Usiku wa tatu betri ikazima.

Nikahamia UDP. Hii ni kama kumpa makanga bahasha na kurudi zako nyumbani. Haina kujuana, haina kungoja. Jon Postel aliiandika mwaka 1980 kwa kurasa tatu tu. Kichwa cha ujumbe wake ni baiti 8. Cha TCP kinaanzia 20. Kwa mtu anayehesabu bando na betri, hiyo si mchezo.

Kwenye modemu yangu nilibadilisha neno moja: AT+CIPSTART="UDP", halafu anwani ya seva na namba ya poti. Papo hapo ikajibu CONNECT OK. Nikashangilia, kumbe seva niliyokodisha ilikuwa imezimwa! Hiyo OK ilimaanisha modemu iko tayari kutuma. Haikumaanisha kuna mtu anayesikiliza.

Basi nikaupa kila ujumbe namba. Ikija 41 kisha 43, najua 42 imepotea, na siumii, maana baada ya robo saa kipimo kingine kinakuja. Lakini ujumbe wa "tangi linaisha" ni mwingine. Huo seva lazima iujibu, na modemu inaurudia hadi mara tano isiposikia kitu. Jibu lenyewe litoke haraka, kwa sababu mtandao wa simu hausubiri sana kabla ya kusahau njia ya kurudi.

Siku ilipokubali, Mama aliangalia simu yake, akaona lita 6,200, akaketi. Nikamweleza hayo ya kutuma bila kungoja. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kama ile meseji yako."

Nilijua anasema gani. Nilipoacha chuo nilimwandikia usiku, mistari miwili, nikazima simu siku mbili nzima.

"Niliipata, mwanangu. Hukungoja nijibu."

"Ungejibu nini, Mama?"

"Uje nyumbani. Ningesema nini kingine?"

Sina la kuongeza hapo.

Ninachowaambia nyinyi mnaotengeneza vitu ni hiki: kabla hujaandika amri hata moja, jiulize huu ujumbe ukipotea nani ataumia. Kama hakuna, utume uende zake, okoa bando. Kama yupo, ngoja jibu, hata kama unaliogopa.

Mama hapandi ngazi tena. Na mimi simu yangu siku hizi haizimwi. Wewe kuna meseji ulituma ukatoroka jibu? Niambie hapo chini, nitasoma zote.