Gari Letu Lilikosa Sifuri Tu

Mama anayeuza unga sokoni anajua jambo moja kabla ya mengine yote: mizani ikiwa haijabeba kitu, mshale wake lazima usimame kwenye sifuri. Ukionyesha gramu 200 kabla hata ya unga kuwekwa, kila mnunuzi anaibiwa gramu 200, hata kama muuzaji ana moyo safi. Lakini hakuna anayetupa mizani hiyo na kununua mpya. Chuma chake ni kizima. Kinachohitajika ni kuirudisha kwenye sifuri.

Mwaka huu sisi wamama wa kundi tumejua kwamba gari pia lina mizani ya namna hiyo ndani ya volani. Tunaandika habari hii kwa sababu vikundi vingi vya wamama sasa vina gari la kuchangia, na tulikaribia sana kutoa feza ya watoto kwa ajili ya kitu ambacho hakikuvunjika.

Wengi wenu mnalijua gari letu. Lina viti saba, lilitoka Japani likiwa limekwisha kutumika, na volani yake iko upande wa kuume. Kila juma linapeleka wamama Kasumbalesa kuchukua bidhaa, kilomita karibu 90 kutoka hapa Lubumbashi. Usiku mtoto akishikwa na homa kali, ndilo linalobisha mlango wa hospitali.

Mwezi wa saba, katika baridi ya kipwa, batri ilikufa. Ikawekwa mpya. Juma lile lile fundi mmoja alinyoosha magurudumu ya mbele, kazi wanayoiita paralelizimu, kwa kuwa mashimo ya barabara yaliyapinda na mipira ilikuwa inalika upande mmoja. Kesho yake taa mbili za njano ziliwaka mbele ya shofere: moja yenye picha ya volani, nyingine yenye picha ya gari linaloteleza. Papa shofere akatuambia mambo mawili zaidi. Ili gari liende moja kwa moja, ilimbidi ashike volani ikiwa imepinda kidogo kushoto. Na kwenye kona ya kutoka mjini, gari lilijifunga breki lenyewe upande mmoja, wakati yeye hakugusa breki hata kidogo. Mama mmoja aliyekuwa ndani na mtoto mgongoni alisema hatapanda tena.

Garaje ya kwanza ilitazama taa, ikafungua boneti, ikatoa bei: kubadilisha mfumo wote wa volani, dola 600. Katika sanduku letu kulikuwa na dola 740, na feza hiyo ilikuwa na kazi yake, minervali ya watoto wa sekondari mwezi wa tisa.

Kikao cha siku ile kilikuwa kirefu. Wamama wengine walisema tulipe, maana barabara ya Kasumbalesa ina malori makubwa na haisamehe. Wengine walisema taa ni taa tu, magari mangapi ya mji huu yanatembea na taa zinawaka? Wote walikuwa na sababu. Mwishoni Mama Prezidenti alisema neno lililotuunganisha: gari lisitembee, na feza isitoke, mpaka mtu atuonyeshe kilichovunjika. Shuleni hatumpi mtoto sifuri bila kumwonyesha kosa lilipo katika kaye yake. Na fundi naye atuonyeshe.

Tulimpata kijana mmoja, fundi wa umeme wa magari, huko Kamalondo. Kabla ya kushika spana alituuliza swali moja: «Wamama, kabla ya taa kuwaka, gari lilifanyiwa kazi gani?» Tukamtajia batri na kunyoosha magurudumu. Akatikisa kichwa kama daktari aliyesikia mtoto amekula nini.

Alichomeka skaneri yake chini ya volani. Akatueleza kwamba skaneri za bei ndogo mara nyingi zinasoma makosa ya mota tu, na kwa pane hii hazioni kitu. Yake inaingia mpaka kwenye kompyuta ya breki na ya volani. Kompyuta ya gari inaandika kosa kwa herufi na namba. Herufi P ni ya mota na giya, B ni ya bodi, U ni ya mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta, na C ni ya volani, breki na magurudumu. Letu lilianza na C, nalo lilitaja kapteri ya volani.

Kapteri hiyo imefungwa kwenye mti wa volani. Kazi yake ni kupima shofere amekata kona kwa kiasi gani, na kupeleka hesabu hiyo kwenye kompyuta. Kompyuta inalinganisha mahali shofere anapotaka kwenda na mahali gari linapokwenda kweli. Gari likianza kuteleza, inafunga breki ya gurudumu moja ili lirudi njiani. Msaada huu ulianza kuwekwa katika magari ya kuuzwa mwaka 1995, na umeokoa watu wengi kwenye mvua. Lakini hesabu ikiwa ya uongo, msaada unageuka hatari: kompyuta inadhani shofere anakata kona wakati anaenda moja kwa moja, nayo inafunga breki pasipo sababu, au inajizima kabisa.

Kisha alituita tutazame wenyewe. Magurudumu yalikuwa yamenyooka mbele. Kwenye kioo cha skaneri iliandikwa digrii 12 kushoto. Mama anayeuza unga ndiye aliyesema kwa sauti: «Mizani haikurudi sifuri!» Kijana akacheka, akasema hajawahi kulieleza vizuri hivyo.

Hakuharakisha kufurahi. Alizungusha volani polepole kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine, na namba ilipanda na kushuka kwa utaratibu, bila kuruka, bila kuganda. Kapteri iliyokufa haifanyi hivyo. Akakagua nyaya na mahali zinapochomekwa. Akapima batri mpya, ikawa na volti 12,6. Akainua gari mbele na kutikisa kila gurudumu kwa mikono miwili, na hakuna kilichocheza. Ndipo akasema: chuma ni kizima, ni kumbukumbu ya kompyuta iliyopotea njia.

Kuna magari ambayo batri ikitolewa yanasahau mahali volani iliposimama. Mengine yanajifunza tena yenyewe, ukizungusha volani mpaka mwisho kila upande kisha ukaendesha kidogo moja kwa moja. Mengine, kama letu, yanangoja kuambiwa kwa mashine. Na kunyoosha magurudumu bila kunyoosha volani kunabadilisha maana ya «moja kwa moja», lakini kompyuta haina habari.

Tulimwomba airudishe sifuri palepale. Akakataa. Kwanza chuma, kisha kompyuta, alisema. Ukiandika sifuri wakati volani imepinda, umeandika uongo mpya juu ya uongo wa zamani. Tukarudi kwa yule aliyenyoosha magurudumu, tukamwonyesha volani iliyopinda, naye akarudia kazi bila malipo. Pumzi ya mipira yote ikapimwa. Kisha gari likawekwa mahali tambarare, volani ikanyooka, hakuna aliyekaa ndani wala aliyeligusa, na kijana akaiamuru kompyuta iandike: hapa ndipo sifuri. Kazi hiyo haikupita dakika tano. Akafuta kosa, akazima gari, akaliwasha. Taa zote mbili zikazimika.

Hatukupandisha wamama siku hiyo. Shofere alilijaribu peke yake uwanjani, polepole, kulia na kushoto, kisha barabarani mpaka peaje na kurudi. Skaneri ikasoma tena: digrii 0, hakuna kosa. Tulilipa dola 35.

Hatusemi kwamba garaje zote zinadanganya, wala kwamba kila taa inaponywa kwa kuandika sifuri. Kapteri hufa kweli, waya hukatika, na mfumo wa volani huchoka kwa mashimo yetu. Kosa likirudi baada ya sifuri kuandikwa vizuri, hapo ni haki kutafuta kifaa kilichoharibika na kukinunua. Na fundi anayefuta kosa bila kutafuta chanzo ni kama mwalimu anayefuta ubao kabla watoto hawajaelewa somo: ubao ni safi, ujinga umebaki.

Kwa hiyo, wamama, gari la kundi likiwasha taa ya volani, lisipakie watu kwanza. Andikeni kazi zote lililofanyiwa mwezi ule. Ombeni fundi awasomee namba ya kosa, nanyi muiandike herufi kwa herufi. Ombeni awaonyeshe hesabu ya volani ikiwa imenyooka, na tena ikiwa inazungushwa. Muulizeni kama sifuri inaweza kurudishwa kabla ya kununua kifaa. Na baada ya batri kutolewa au magurudumu kunyooshwa, ulizeni palepale: «Je, volani imerudishiwa sifuri yake?»

Sisi sasa tuna kaye ndogo ndani ya gari. Tarehe, kazi, namba ya kosa, bei, sahihi ya fundi. Wale kati yetu wasiojua kusoma humwomba shofere awasomee kabla ya safari, na hakuna anayeona haya kuomba. Mwezi wa tisa minervali ililipwa yote. Na yule mama aliyekataa kupanda amesharudi Kasumbalesa mara tatu, mtoto mgongoni, kiti cha mbele.