Tarime hadi Mugumu: Waya ukipita juu, zahanati ikabaki gizani

Kutoka Tarime mjini hadi Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, ni kilomita 87. Gari linapita vilima vya migomba, mihogo na kahawa, linafika Nyamwaga, linashuka Nyamongo kwenye mgodi wa dhahabu, kisha linavuka Mto Mara. Ng'ambo ya mto nyasi zinaongezeka na makundi ya ng'ombe yanakuwa mengi kuliko magari.

Wageni wengi hupita huku wakiwaza wanyama wa hifadhini. Mimi kazi yangu ni kuandika habari za afya, hivyo njia nzima nilikuwa naangalia nguzo za umeme: zinaishia wapi na zinaruka nyumba za nani.

Huku familia hazijabanana. Kila mji una shamba lake, zizi lake na nafasi ya watoto wa kiume kujenga baadaye. Ni maisha mazuri, lakini kwa anayevuta waya ni gharama, maana kutoka mlango mmoja hadi mwingine huenda zikahitajika nguzo kadhaa.

Katika zahanati moja ya njiani nilimkuta mkunga ambaye amezalisha wanawake wa eneo hilo kwa miaka mingi. Nilipomwamkia aliitikia, "Marahaba mwanangu," akanionyesha chumba cha kujifungulia. Siku hizi kina taa. Zamani, alisema, ndugu wa mzazi ndiye aliyeshika tochi ya simu, na mkono wake ukitetemeka, mwanga nao ulitetemeka.

"Waya ulipopita hapo juu tulishangilia," aliniambia. "Kumbe ulikuwa unakwenda kwa wengine. Tulikaa chini yake zaidi ya mwaka, sisi tuko gizani."

Nikamuuliza giza lilimpa shida gani zaidi. Hakufikiri mara mbili. "Damu, mwanangu. Gizani damu inafanana na maji."

Maneno hayo yana uzito. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi nchini, na mkunga asiyeona damu inavyotoka hawezi kujua mapema kwamba mama yuko hatarini.

Kwa nini waya wa juu haukuwasha taa?

Waya mkubwa unaopita vijijini mara nyingi hubeba volti 33,000. Taa, friji ya chanjo na pasi ya nyumbani vinahitaji 230. Kati ya namba hizo mbili lazima kiwepo kifaa cha kushusha nguvu ya umeme, yaani transfoma, lile pipa la chuma tunaloliona juu ya nguzo. Bila hilo, umeme unapita tu kama basi lisilo na kituo.

Kifaa hicho kina historia ya kufundisha. Mwaka 1882 Thomas Edison alianza kuuza umeme New York, lakini umeme wake haukuweza kufika mbali. Mteja aliyekaa zaidi ya kilomita moja na nusu hivi kutoka kwenye mtambo alikuwa nje ya hesabu. Mwenye kiwanda mwingine, George Westinghouse wa Pittsburgh, alinunua haki za transfoma iliyobuniwa Ulaya, akamkabidhi fundi wake William Stanley aiboreshe. Machi 1886, katika mji mdogo wa Great Barrington, Stanley aliwasha taa za maduka na ofisi za barabara kuu kwa umeme uliopandishwa nguvu ili usafiri, kisha ukashushwa ili utumike. Miaka 10 baadaye umeme wa maporomoko ya Niagara ulikuwa unafika mji wa Buffalo, zaidi ya kilomita 30.

Hata hivyo, ubunifu huo wa kiwandani haukumfikia mkulima. Mwaka 1935, karibu nusu karne baada ya Stanley, ni kama shamba moja tu kati ya 10 la Marekani lililokuwa na umeme. Kampuni zilisema wakulima wanakaa mbalimbali na hawana fedha. Mwaka huo Rais Franklin Roosevelt aliunda wakala wa umeme vijijini. Ulikopesha fedha, wakulima wakaunda vyama vya ushirika na kuvuta nyaya wenyewe. Kufikia miaka ya 1950 mashamba mengi mno yalikuwa na taa.

Wakala huo uliitwa REA, herufi zilezile za wakala wetu wa nishati vijijini, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005. Na transfoma hatuagizi zote nje. Arusha kuna kiwanda cha TANELEC kinachozitengeneza. Tanzania Bara ina vijiji 12,318, na karibu vyote vimefikiwa na umeme. Kazi kubwa sasa ni vitongoji, ambavyo ni 64,359. Kijiji kikihesabiwa kuwa kina umeme, haina maana kwamba zahanati yake, iliyo kitongoji cha mbali, inao.

Wapo waliokataa kusubiri. Mwaka 2008 daktari wa uzazi wa Marekani, Laura Stachel, aliona hospitalini Nigeria wazazi wakihudumiwa gizani. Aliporudi kwao, yeye na mumewe, Hal Aronson, mwalimu wa umeme wa jua, walitengeneza sanduku la kubeba lenye taa, betri na kifaa cha kusikiliza mapigo ya moyo ya mtoto tumboni. Masanduku ya aina hiyo yamefika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwamo.

Familia ifanye nini?

Kwanza, mnapopanga safari ya mama kujifungua, ulizeni mapema kama kituo kina taa usiku na kama kuna taa ya akiba umeme ukikatika.

Pili, chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ulizeni friji ya zahanati inatumia nini.

Tatu, mkiomba umeme nyumbani, epukeni vishoka. Tumieni fundi mwenye leseni ya EWURA. Wenye nyumba ndogo waulize kuhusu kifaa cha UMETA, kinachopunguza gharama ya kutandaza nyaya.

Nne, na hili ni la mkutano wa kijiji: mradi unapotambulishwa, msihesabu nguzo tu. Ulizeni transfoma itakaa wapi, na kama zahanati ipo kwenye ramani. Kina mama waulize kwa sauti, maana giza la chumba cha kujifungulia wanalijua wao.