Nani kakupa hiyo programu?

Katika kazi yetu ya habari, mhariri huanza na swali moja: nani kakwambia? Ukijibu "nimesikia mtaani", habari yako haitoki. Lakini waandishi haohao utawakuta wanapokea flashi kutoka kwa fundi, wanaambiwa "zima kwanza antivirusi ndiyo itakubali", nao wanazima! Na kompyuta hiyo ndiyo yenye majina na namba za simu za watu waliotuamini na siri zao.

Utasema, basi tupakue kwa wenyewe tu. Sawa, ni afadhali mara mia kuliko flashi. Ila kisa cha mwaka 2024 bado kinanisumbua.

Kuna programu ndogo ya kubana mafaili, XZ, inayotumika ndani ya Linux, na Linux ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya seva za intaneti. Kwa miaka mingi iliangaliwa na Lasse Collin, peke yake, kwa kujitolea. Alikuwa amechoka. Akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi. Huku nyuma watu wasiojulikana wakawa wanamsonga Collin kwa barua pepe: mbona unachelewa, wape wengine nafasi. Miaka kama miwili ya kazi safi, Jia Tan akaaminiwa kutoa matoleo mapya. Februari 2024 akatoa toleo la 5.6.0, ndani yake mna mlango wa siri wa kuingilia seva za watu. Na angalia ujanja: kipande kimoja muhimu hakikuwemo kwenye msimbo ulioanikwa hadharani. Kilikuwa kwenye kifurushi cha kupakua tu, mahali rasmi kabisa.

Sisi waandishi tunamfahamu mtu wa namna hii. Anakuletea vihabari vya kweli mwaka mzima, kumbe anaandaa uongo mmoja.

Aliyemfichua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, tarehe 29 Machi 2024. Wala hakuwa anawinda wadukuzi. Alishangaa tu kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Nusu sekunde jamani! Matoleo ya Debian wanayotumia watu wengi yalikuwa bado hayajaguswa.

Collin alirudi kusafisha, na Mei 2024 akatoa toleo la 5.6.2. Mwenye jina la Jia Tan mpaka leo hajathibitishwa ni nani.