Kiswahili Nimewaachia Wauza Samaki

Mwanaume mwenye ndevu asijaribu kusema hapa Namuwongo, "Mimi ni mkazi wa hapa." Atachekwa mpaka naye acheke, maana mukazi kwa Kiganda ni mwanamke. Kiganda na Kiswahili ni ndugu, na kama ndugu wengine wanaolala kitanda kimoja, hawaachi kufinyana. Chumba cha kupanga, kile cha mlango mmoja na dirisha moja, watu wa Kampala hukiita muzigo. Kwa hiyo mimi kila mwisho wa mwezi nalipia mzigo, naoga nyuma ya mzigo, na usiku, humo humo mzigoni, naandika riwaya.

Naiandika kwa Kiswahili. Hilo huwashangaza majirani kuliko ndevu.

Namuwongo iko bondeni. Juu yetu kipo kilima cha Muyenga na majumba yake ya ghorofa. Upande wa chini upo mfereji wa Nakivubo, unaoyabeba maji machafu ya mji kuyapeleka kwenye vinamasi vya Ziwa Viktoria. Reli inapita katikati ya maisha ya watu: pembeni mwake huanikwa nguo, huuzwa nyanya, huchezwa karata. Garimoshi la mizigo likipita, mizigo yetu yote hutikisika, kikombe hutembea mezani na koma huhamia sentensi ya jirani. Mvua kubwa ikianza, kitu cha kwanza kupandishwa juu ya kabati ni mswada, halafu unga. Mpenzi wangu amelitambua hilo, na hulitaja kila tukipata wageni.

Wanaofundisha uandishi husema mwandishi anahitaji utulivu. Hao hawakupata kupanga Namuwongo. Mimi utulivu ningeufanyia nini? Nyuma ya ukuta wa kushoto wapo mume na mke wanaogombana kuhusu ada ya shule. Nyuma ya ule wa kulia yupo kijana anayejizoeza kuomba kazi kwa sauti kubwa. Mazungumzo ya wahusika naletewa bure, tena yamekwisha kuhaririwa: mtu anayejua kuwa ukuta ni mwembamba hapotezi maneno.

Neno mwandishi nalo lina maana yake mtaani. Majirani waliposikia kwamba mimi ni mwandishi walifurahi sana, wakaleta kazi. Barua ya kumwomba mwenye nyumba avumilie hadi tarehe 10. Barua kwa mwenyekiti wa LC1. Tangazo la msiba la kusomwa redioni. Malipo yangu ni rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai: barua ya kodi mayai mawili, barua ya mapenzi mayai matatu, kwa sababu hiyo ya pili huandikwa mara nne. Barua hizi zimenifundisha mengi. Barua ya kodi ina mhusika mkuu, ina kikwazo, ina taharuki, na ina msomaji mmoja mkali anayeweza kumtupa mhusika nje na godoro lake. Walimu wetu waniwie radhi: hakuna mhakiki chuoni mwenye uwezo huo.

Msomaji wa kwanza wa riwaya ni mpenzi wangu. Alikulia Goma, mashariki mwa Kongo, na anauza samaki wakavu karibu na reli. Kiswahili chake hakikupitia darasani. Kilipitia sokoni, kanisani, na kwenye barabara ya kukimbia vita. Kwake yeye vitu ni bintu, watu ni batu, na hoja ikifika mwisho husema "njo vile", nayo kweli huwa imefika mwisho.

Mwanamke yeyote akiingia katika sura mpya, yeye huuliza, "Huyu ni mimi?" Nikisema siye, hununa. Nikisema ndiye, huuliza kwa nini nimempa miguu myembamba. Siku nilipomsomea ugomvi wa wapenzi wawili, ambao mmoja wao alimwambia mwenziwe, "Tafadhali niondolee madhila haya," aliweka sahani chini. "Nani anagombana na tafadhali?" Tangu hapo mhusika wangu akikasirika hasemi neno, anaosha sufuria kwa nguvu. Najua nilikolitoa hilo. Naye anajua.

Msikilizaji wa pili sikumtafuta. Ni bibi wa mlango wa tatu, ambaye sote tunamwita jajja, kama anavyoitwa kila mtu wa umri wake. Jioni moja nilikuwa nasoma ukurasa kwa sauti, akasimama mlangoni, uso umefungwa. Akauliza kwa Kiganda mbona kuna askari ndani.

Jajja ana maneno machache sana ya Kiswahili, na yote ni amri. Simama. Lala chini. Leta. Shuka. Aliyajifunza kwa siku moja, katika miaka ya 1970, kwenye kizuizi cha barabarani, siku kaka yake aliposhushwa kwenye basi. Basi liliondoka bila kaka yake, na hakuonekana tena. Shuka ndilo neno la mwisho ambalo jajja alisikia kaka yake akiambiwa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili habari hii tunaisoma kwa tarehe. Tunajua kwamba lugha hii ilikuwa ya amri katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na kwamba jeshi na polisi wa Uganda huru waliirithi. Tunajua kwamba Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwamba Watanzania waliosaidia kumng'oa Aprili 1979 nao waliingia Kampala wakisema Kiswahili hicho hicho. Tunajua kwamba mwaka 2005 katiba ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Tarehe zote hizi huulizwa kwenye mtihani. Hakuna hata moja iliyomuuliza jajja.

Ipo tarehe nyingine ninayoifikiria kila nikishika kalamu. Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana Makerere, ng'ambo tu ya mji kutoka hapa, katika mkutano wa wale wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert, aliyekwisha kuandika mashairi na nathari kwa miaka mingi, hakuwamo. Lugha yake haikuwa na kiti. Alifariki mwezi huo huo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyehudhuria akiwa bado mwanafunzi, baadaye alilikumbusha jambo hilo kwa uchungu. Basi Kampala ilikijua Kiswahili kwenye kizuizi cha barabara, ila mezani pa vitabu haikukikaribisha.

Kwa sababu hiyo riwaya yangu ilipata sheria: askari wote wanasema Kiingereza. Kiswahili nimewaachia wauza samaki, wapenzi na wadeni. Mtu mwenye bunduki akifungua kinywa, hutoka Kiingereza kikavu cha ofisini. Niliona nimekitendea Kiswahili haki: nimekivua sare, nikakipa kikapu.

Mpenzi wangu aliposikia sheria hiyo hakucheka. "Huo ni uongo," alisema. "Waliotufukuza kwetu walisema Kiswahili. Mama yangu aliyenibeba mgongoni tukikimbia alisema Kiswahili. Wewe unataka kumficha nani?" Nikamwambia kwamba riwaya si ushahidi mahakamani. Akaniambia kwamba mwongo huwa hivyo hivyo, anaanza kwa kusema hayuko mahakamani. Tuligombana siku tatu. Sufuria zetu hazijawahi kung'aa namna ile.

Siku ya nne nilikwenda kwa jajja. Nilimweleza ugomvi wetu kwa Kiganda, kwa hofu kidogo, maana nilikuwa nikimletea mlangoni kwake lile neno ambalo amelikwepa kwa karibu miaka 50. Hakujibu upesi. Kwanza alitaka kusikia huyo muuza samaki anasemaje. Nikamsomea ukurasa ambao muuza samaki anamkopesha mteja huku akimtukana, polepole, nikitafsiri kila sentensi. Maneno mengi aliyatambua mwenyewe kabla sijafika kwenye tafsiri: nyama, kitabu, kusoma, kuandika, kwa kuwa Kiganda kina ndugu zake. Alishangaa kwamba lugha ile ina deni ndani yake, na kicheko, na bei ya samaki. Halafu akasema, "Mwache askari wako aseme. Lakini asiwe wa mwisho kusema. Kwenye basi letu hakuna aliyemjibu."

Sheria imefutwa. Niko sura ya tisa, na basi langu limesimama kwenye kizuizi. Askari ameingia, amesema "Shuka" kwa Kiswahili kisicho na kosa, na abiria wote wanamtazama muuza samaki, kwa sababu nimemkalisha karibu na mlango. Hii ni wiki ya pili hajafungua kinywa. Mpenzi wangu amependekeza tusi la Goma ambalo siwezi kuliandika mbele ya walimu. Jajja anataka ajibu kwa adabu, ila asishuke. Mimi naandika, nafuta, naandika tena, na kwa kuwa kazi haziishi, katikati nimeandika barua mbili za kodi na moja ya mapenzi.

Kila jioni jajja akirudi kuchota maji hutua jerikani mlangoni pangu na kuuliza kama basi limeondoka. Namwambia bado.