Isale Mkononi mwa Mchungaji

Katika miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Machame, mpaka wa kihamba hauhitaji ukuta. Hupandwa isale, mmea wa majani marefu unaostahimili kiangazi na kivuli cha migomba. Mmea huohuo unaotenganisha shamba la mtu na la jirani yake ndio unaowapatanisha wanapokosana. Aliyekosa hukata jani lake, akalishika mkononi na kwenda nalo mpaka nyumbani kwa aliyemkosea. Hahitaji kusema mengi. Kwa desturi ya Wachagga, anayeletewa isale hana budi kusamehe. Akilikataa, kosa humgeukia yeye.

Desturi hii hutazamwa zaidi kwa upande wa msamaha, na ni haki yake. Lakini kabla ya msamaha kuna safari, na safari hiyo ni ya mkosaji. Ni yeye anayeondoka kwake na kupita njiani mbele ya macho ya watu. Kwa mtu wa kawaida safari hiyo ni nzito. Kwa kiongozi wa dini, ambaye kazi yake ni kuwaonya wengine, ni nzito zaidi.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Pamoja na shule na tiba walileta utaratibu wa kuwaonya waumini. Aliyeanguka alitengwa na meza ya Bwana. Alipotubu alisimama mbele ya usharika, akaombewa, akarudi kundini. Utaratibu huo una hekima yake, kwa kuwa una mlango wa kutokea na mlango wa kurudia. Hata hivyo, kwa miaka mingi onyo liliteremka kama maji ya mlimani: kutoka kwa mmisionari kwenda kwa mwalimu, kutoka kwa mwalimu kwenda kwa muumini. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri nchini yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanganyika, mkuu wake wa kwanza alikuwa Mchagga, Askofu Stefano Moshi. Kiti kilipata wenyeji. Swali la nani atamwonya anayekikalia lilibaki palepale.

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo imelea vizazi, na hakuna mzazi asiyeitumia. Lakini haisemi lolote juu ya mkuu asiyesikia la mdogo, ambaye huenda akavunja miguu ya wengi kabla ya kuvunjika wake. Watu wa visiwani wana jibu lao, nalo limo msikitini. Imamu akipotea katika kisomo, maamuma aliye nyuma yake humsomea aya ilivyo. Akisahau rakaa, huambiwa “Subhanallah”. Naye hujisahihisha papo hapo, akaendelea kuongoza sala. Haulizwi uimamu wake, wala haulizi nani aliyemsahihisha.

Miongoni mwa Wakristo wa Afrika Mashariki jambo hili lilipata nguvu katika Uamsho ulioanzia Uganda na Rwanda. Mwaka 1929, huko Namirembe, Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana na Joe Church, daktari mmisionari Mwingereza, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja kama ndugu wawili. Baadaye Yosiya Kinuka, mfanyakazi wa hospitali ya Gahini, alimwendea Nsibambi na malalamiko juu ya hali ya kule kazini. Nsibambi alimrudisha kwenye moyo wake mwenyewe: ubaya anaouona pale unaanzia ndani. Kinuka alikwenda akiwa mshitaki, akarudi akiwa ametubu. Moto huo ulienea Tanganyika, ukafika hata katika sharika za Kilimanjaro, na katika vikao vyake mchungaji na mpishi wake waliitana ndugu.

Lakini onyo nalo linaweza kulewa. Mwaka 1941, katika Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, wanafunzi 26, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa baada ya kukataa amri ya kuacha kuamka alfajiri kuomba na kuhubiri. Wao waliona dhambi chuoni wakaikemea; wakuu waliona ukaidi wakaukemea. Kila upande ulikuwa na neno la kumwambia mwenzake, na sikio halikupatikana. Unyenyekevu, basi, hauhitajiwi na anayeonywa peke yake. Anayeonya naye hana budi kuja bila fimbo.

Na achukuliwe mchungaji mmoja wa Machame, wa usharika usiohitaji kutajwa. Kanisa jipya linajengwa, mabati bado, na ahadi za waumini zinasuasua. Jumapili moja, wakati wa matangazo, anasoma majina ya wasiomaliza ahadi zao. Katikati ya orodha limo jina la mjane aliyemzika mumewe mwezi uliopita. Vichwa vinageuka. Mama yule anatazama sakafu mpaka ibada inakwisha.

Jioni yake anakuja bibi kizee, aliyewahi kumfundisha mchungaji huyo katekisimo utotoni. Amekuja peke yake, kama Injili ya Mathayo inavyoelekeza.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, Mchungaji. Nimekuja kwako, mwanangu, sijapita kwa mtu.” Kisha anasema: “Deni ni la kanisa. Lakini aibu ya leo umeitoa wewe.”

Mchungaji anajibu kwa upole kwamba huo ulikuwa uamuzi wa baraza la wazee. Ni kweli. Bibi hashindani naye; anaaga, anashika fimbo yake na kuondoka. Usiku majibu mengine yanakuja yenyewe. Nani aliyemtuma? Anajua nini yeye juu ya gharama za mabati? Mbona mwaka jana hakusema? Kila jibu lina nguvu, na kila moja linamtuliza kidogo. Karibu na alfajiri ndipo anapotambua kwamba majibu yote yalimhusu bibi na baraza, na hata moja halikumhusu mjane.

Hapo ndipo ilipo njia panda ya kila kiongozi anayeonywa. Hapungukiwi majibu, maana amesomea kusema. Daudi naye, mbele ya nabii Nathani, alikuwa na kiti cha enzi, na kwa neno moja angeweza kumnyamazisha mjumbe. Petro alikuwa na ukubwa wake miongoni mwa mitume siku Paulo alipomkabili Antiokia mbele ya watu. Apolo, msemaji hodari, alichukuliwa kando na Priskila na Akila, mafundi wa mahema, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye akaendelea na kazi, akiwa na manufaa kuliko awali. Cheo humpa mtu uwezo wa kujibu. Unyenyekevu ni kuuacha uwezo huo kwa muda, ili neno lifike lilikokusudiwa.

Asubuhi mchungaji anatoka na kisu mpaka mpakani mwa kihamba, anakata jani la isale, kisha anasita. Biblia angeweza kuitia mkobani, na wapita njia wangedhani anakwenda kuombea mgonjwa. Isale halifichiki. Kila atakayekutana naye atajua kwamba leo mchungaji ndiye aliyekosa. Analishika mkononi, anateremka njia ya migombani, akiwaitikia shikamoo za watoto wa shule wanaolitazama jani kuliko wanavyomtazama yeye.

Mjane analipokea kwa mikono miwili. Jumapili inayofuata, kwa kuwa kosa lilitendwa hadharani, mchungaji analikiri hadharani, kwa sentensi mbili, bila kulitaja baraza. Ahadi haikufutwa, mama yule anaendelea kuimaliza kidogokidogo, kila auzapo ndizi. Orodha haisomwi tena. Naye bibi kizee, akiulizwa na majirani kama ni yeye aliyekwenda kwa mchungaji, hujibu kwamba alikwenda kumjulia hali.