Majina Saba ya Tervuren

Shangazi ndiye aliyenipeleka mara ya kwanza, mwaka 2006. Tulikuwa na miezi minne Ubelgiji tangu tukimbie Bukavu, na alikuwa amesikia kwamba vitu vya kwetu vimewekwa huko. Tukapanda tramu namba 44 hadi kituo chake cha mwisho, Tervuren.

Ndani ya makumbusho ya huko alisimama mbele ya sanamu ya mtu-chui ya Paul Wissaert: Mwafrika aliyevaa ngozi ya chui, anamnyemelea mwenzake aliyelala. "Ni sisi hawa, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Ukutani palikuwa na majina 1,508 ya Wabelgiji waliofia Kongo kati ya 1876 na 1908. Hapakuwa na jina la Mkongo hata mmoja, ingawa mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliwaleta Wakongo 267 papo hapo Tervuren watazamwe na umati, na saba wakafa. Makaburi yao yako kando ya kanisa la mji.

Makumbusho ilifungwa mwaka 2013 kwa ukarabati, ikafunguliwa Desemba 2018. Safari hii wataalamu sita wenye asili ya Afrika waliitwa kushauri, na baadaye baadhi yao walisema hadharani kwamba hawakusikilizwa vya kutosha. Nawaamini. Kushauri si kuamua.

Hata hivyo tuliporudi, mtu-chui alikuwa ameondolewa kumbini, amewekwa chumba cha chini pamoja na sanamu nyingine zilizotengwa. Mchoro wa msanii Chéri Samba tulioukuta unaonyesha Wakongo wakiivuta sanamu hiyohiyo kwa kamba itoke nje, Wazungu wakiing'ang'ania. Shangazi aliutazama muda mrefu, akacheka kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake tangu Bukavu.

Mkabala na ule ukuta wa majina, msanii Freddy Tsimba wa Kinshasa aliandika majina ya wale saba kwenye vioo vya madirisha. Jua likiwaka, vivuli vya majina hayo huangukia majina ya Wabelgiji. Siku ile kulikuwa na mawingu. Tulingoja karibu nusu saa, kisha majina yakatokea, na Shangazi akayasoma kwa sauti: Ekia, Kitukwa, Mibange, na wenzao wanne.

"Wao wameandikwa ukutani," akasema, "wetu wanangoja jua."

Simlaumu Tsimba, aliitumia vizuri nafasi aliyopewa. Jengo lile linalindwa na sheria ya urithi, haliguswi ovyo. Lakini sheria hutungwa na watu. Majina yale saba yaandikwe ukutani.