Herufi Iliyopotea Bungu

Kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu mwenyewe. Niliandika kijitabu cha kuwafundisha vijana wetu wa Bungu kutunga programu kwa lugha ya Python, na kwa kupenda mambo ya nyumbani nikatoa mfano wa mafaili ya mizani ya korosho: glob.glob("D:\korosho\bungu\*.csv"). Kinyota pale husimama badala ya jina lolote.

Jioni moja alinijia kijana aliyekuwa akitunza kumbukumbu za kilo za wakulima, flashi mkononi.

"Shikamoo, mwalimu. Mafaili yamepotea. Nimefuata kitabu chako, kompyuta imenipa orodha tupu."

Wakulima wawili walikwisha kumwuliza kama amehongwa azifiche kilo zao. Alikuwa tayari kuifuta flashi aanze upya kutoka kwenye madaftari.

Niliifungua. Mafaili yote yalikuwamo.

Shida ni ule mstari ulioinamia kushoto. Windows iliurithi kutoka MS-DOS 2.0 ya mwaka 1983, nao hutenga folda na folda. Lakini ndani ya alama za kunukuu za Python, mstari huohuo huweza kuigeuza herufi inayoufuata: \n huwa mstari mpya, na \b, yaani b ya Bungu yetu, huwa amri ya kurudi nyuma herufi moja. Kompyuta haikuitafuta Bungu hata kidogo. Na glob isipopata kitu haigombi. Hukupa orodha tupu, basi.

La kuchekesha (mimi sikucheka) ni kwamba Python, tangu toleo la 3.12 la mwaka 2023, hutoa onyo juu ya \k ya korosho, isiyodhuru kitu, kwa kuwa haiitambui. \b inaitambua, kwa hiyo hunyamaza. Kijana aliliona onyo lile, akahangaika na korosho siku nzima.

Dawa ni kutanguliza herufi r kabla ya alama za kunukuu, au kutumia mkwaju wa kawaida, ambao Windows nayo huukubali. Tuliongeza r, orodha ikajaa. Asubuhi nilifuatana naye kwa wale wakulima wawili, nikaeleza kwamba mwenye kosa ni mimi. Mmoja alinielewa.

Nakala zilikuwa 40. Nimezisahihisha kwa kalamu, moja moja, isipokuwa tatu zilizokwenda Kibiti na ambazo bado nazitafuta.